Usisubiri mpaka aokote makopo

Kamwene ndugu zangu. Huku kwetu mtu haitwi mgonjwa wa akili mpaka aanze kuokota makopo stendi, kabla ya hapo ni mvivu, ana majini, au "dishi limeyumba" tunacheka maisha yanaendelea. Mimi nauguza kaka yangu hapa Mafinga mwaka wa ngapi sijui huu, nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki ya akili, na wengi ninaowakuta pale ukipishana nao sokoni wala hutawajua.

Sonona kwa mfano, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Watu wanadhani ni kulialia tu, kumbe wengi wanakuja wanalalamika kichwa, mwili kuwaka moto, kifua kubana, wanapimwa taifodi wanapewa dozi halafu baada ya muda wamerudi na taifodi ileile. Uliza usingizi. Mtu anashtuka saa 9 usiku halali tena, chakula hakipandi, hata Simba na Yanga hazimwambii kitu, na inaenda wiki 2 mfululizo, mpeleke akaonwe. Aliyejifungua karibuni ndo umwangalie zaidi, maana akisema amemchoka mtoto tunamgeuka na kumwita mama mbaya.

Kuna wa hofu pia: moyo mbio, jasho, ganzi mikononi, ana uhakika anakufa, halafu ndani ya nusu saa mara nyingi imeshashuka. Moyo unapimwa uko sawa. Haigizi jamani, mateso ni ya kweli na yanatibika.

Baipola, ugonjwa wa hisia kupanda sana halafu kushuka sana, ndo inadanganya kabisa kwa sababu mwanzoni inapendeza. Jamaa halali usiku kucha na hachoki, anaongea hadi hakupi nafasi ya kusema, anagawa hela, anauza shamba la miti afungue makampuni, ukoo unasema amebarikiwa. Baadaye yuko ndani kajifunika blanketi, hata kuoga hataki.

Kaka yeye ni skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyopo, ambao mara nyingi huanza ujanani. Alianza kuziba nyufa za dirisha kwa magazeti, akasema mtangazaji wa redio anamsema yeye. Usibishane na mtu kuhusu sauti anazosikia, na usijifanye unazisikia, mwambie tu "mimi sizisikii ila naona zinakutesa". Alipoanzishiwa dawa ya haloperidol akatulia, lakini shingo ikakakamaa akawa anatembea kama roboti, bibi akalia mnaniulia mtoto. Familia nyingi hutupa vidonge hapo hapo, na ugonjwa unarudi. Rudini kwa daktari, dozi inapunguzwa au inabadilishwa, kuna kidonge cha kulegeza misuli, na kwa anayetema vidonge kuna sindano ya kila mwezi. Maombi sawa, na mimi nasali, ila ukiambiwa acha dawa ndo uonyeshe imani, au ukiona wagonjwa wamefungwa minyororo, mchukue mtu wako muondoke.

Halafu ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mtu aliyekunywa kila siku (gongo ndo usiseme) akikata ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka, kuona wadudu ukutani, hata kuanguka degedege. Hajarogwa, ubongo umezoea pombe, na anaweza kufa, huyo ni wa hospitali usiku huohuo.

Wala usiogope kwamba lazima mkapelekane hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma. Anzia hospitali ya wilaya, wakishindwa watawapa rufaa, sisi tulipelekwa Mbeya. Kadi ya kliniki tunza, na kwenye daftari andika amelala saa ngapi na dawa gani amemeza, daktari atakuuliza.

Na mtu akianza kugawa vitu vyake na kusema "nyie mtabaki salama", muulize wazi kama anafikiria kujiua, swali halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, tafuteni usafiri wa hospitali, na ile sumu ya kupulizia nyanya mnayoificha uvunguni hamisheni leo kwa jirani.