Deiwaka kwenye kituo cha watoto: mimi nasema ndiyo, ila asianzie kwa wachanga

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Una watoto 40: wachanga 6, wa miaka miwili 10, na 24 wa miaka mitatu na minne. Walezi wa kudumu ni 7, kila wiki anakosekana mmoja au wawili, na unauliza kama uanze kuita walezi wa muda siku unazokwama. Wengi waliokujibu kabla yangu wamekwambia usithubutu. Mimi nimeendesha kituo miaka tisa, sita kati ya hiyo nikitumia deiwaka, yaani hao walezi wa muda, na jibu langu ni ndiyo. Ila kuna namna ya kuwapanga, na mimi niliijua nikiwa nimeshaumia.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Sijafika hata kazini, simu mbili: mmoja anaumwa, mwingine anauguliwa na mtoto. Nikapiga kwa wakala anayetafutia vituo walezi wa muda, na baada ya saa moja akaja mama mmoja mpole, nadhifu, ana cheti cha malezi, karatasi zote ziko sawa. Nikampeleka moja kwa moja chumba cha wachanga kwa kuwa pengo lilikuwa huko. Mle kulikuwa na mtoto wa miezi 11. Alilia dakika arobaini. Chupa anaisukuma, akibebwa anajinyoosha kama ubao. Yule mama hakukosea chochote, ila hakujua kwamba huyu mtoto hunywa akielekezwa dirishani, huku ameshika sikio la anayemlisha. Na angejuaje? Aliyekuwa analijua hilo ndiye aliyepiga simu kwamba anaumwa.

Tangu siku hiyo deiwaka kwangu haendi kwenye pengo. Anakwenda pale ambapo ugeni wake hauumizi mtu, na mlezi wa kudumu wa hapo ndiye anayesogea kuziba. Akikosekana mtu wa wachanga, anahamia wa chumba cha miaka miwili, wa chumba cha wakubwa anashuka kwa wale wa miaka miwili, deiwaka anabaki na wakubwa pamoja na wenyeji wawili. Watoto wa miaka minne wanafurahia sura mpya, watamwonyesha hadi choo kilipo. Ili hili liwezekane, kila mlezi wako wa kudumu lazima azoeleke vyumba viwili. Mimi niliwazungusha asubuhi moja kwa wiki, wakanuna mwezi mzima, wakazoea.

Na hili la wachanga si kudeka. Kuanzia kama miezi 6 hadi 8 mtoto huanza kumkataa asiyemjua, na hali hiyo huendelea hadi ameshapita mwaka. Mary Ainsworth, mtafiti aliyekuja kujulikana sana kwa mambo haya, aliwafuatilia wachanga majumbani kwao Uganda miaka ya 1950 na kuona jinsi wanavyomfanya mama kituo chao: wanatambaa mbali kidogo, wanarudi, wanatambaa tena. Kituoni kwako, mama hayupo, kazi hiyo anaifanya mlezi mmoja au wawili. Ukiwabadilisha kila siku, mtoto hana pa kurudi.

Sasa tuje kwenye namba zako, maana naona tatizo lako si wagonjwa tu. Kila nchi ina uwiano wake wa walezi kwa watoto, fuata wa kwenu. Lakini chukua wa England kama kipimo: mtu mzima 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka miwili, 1 kwa 5 wa miaka miwili (hadi 2023 ilikuwa 1 kwa 4), na 1 kwa 8 kwa wa miaka mitatu na kuendelea katika mpangilio wa kawaida. Kwa watoto wako hiyo ni 2, jumlisha 2, jumlisha 3. Saba. Yaani hata siku ambayo wote wamekuja huna mtu wa ziada. Anayekwenda kula, uwiano umevunjika. Anayekwenda chooni, umevunjika. Na ukifungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, hayo ni masaa 11 yanayobebwa na watu wa masaa 8.

Kwa hiyo usimfikirie deiwaka kama mtu wa siku nzima wa dharura. Mimi nilichofaidi zaidi ni zamu fupi za kudumu, masaa matatu au manne, watu walewale: mwalimu mstaafu mchana wakati wa mapumziko ya walezi, mwanafunzi wa malezi jioni. Nina daftari la watu sita wa akiba. Kila mmoja nilimlipa siku mbili za kushinda kituoni kabla hajahesabiwa kama mtu wa zamu. Ukaguzi wa polisi, wadhamini niliowapigia mwenyewe, huduma ya kwanza, vyote kabla. Haachwi peke yake na mtoto, na nepi habadilishi mpaka watoto wamzoee. Wakala nampigia sita wote wakishindwa.

Ndani ya mlango wa kabati la kila chumba kuna kadi ya kila mtoto: mzio, anavyolala, nani anaruhusiwa kumchukua, na maneno yake. Usidharau maneno. Kuna mmoja alikuwa akibanwa na mkojo anasema "mvua". Deiwaka akamjibu mbona jua linawaka. Baada ya dakika moja ikanyesha.

Angalia pia malipo. Wakala alikuwa ananitoza kwa saa zaidi ya ninachomlipa mlezi wangu mkongwe, na mkongwe akajua. Aliacha ajira akawa deiwaka, sehemu nyingine. Sikumlaumu.

Andika kila anapokosekana mtu, kwa miezi mitatu. Mimi niligundua nusu ya simu za asubuhi zilitoka kwa waliofunga kituo jioni iliyotangulia. Nilikuwa nawafungisha jioni na kuwafungulisha asubuhi. Nikabadili ratiba, simu zikapungua bila kuajiri mtu.

Na lile swali lako la mwisho, kama deiwaka anaweza kufungua kituo peke yake asubuhi: hapana. Kama hakuna wa kudumu, kafungue wewe. Mimi nimewahi kufungua wiki tatu mfululizo.