Wasomaji Wauliza: Daktari ananishauri ketamini kwa sonona yangu, nikubali?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeugua sonona kwa miaka. Nimemeza dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na muda wa kutosha. Ya kwanza haikufanya kitu, ya pili ilinipa usingizi tu. Sasa daktari wangu wa magonjwa ya akili anataka nianze dripu za ketamini. Shemeji yangu anasema hiyo ni dawa ya kulazia farasi, na wahuni wanaivuta kwenye madisko. Niliwahi kusoma hapa kwamba wewe mwenyewe ulitibiwa nayo. Naomba ukweli: mtu anasikia nini pale kitini? Na inaponya?
*Mwenye Mashaka*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilitibiwa nayo, ndiyo, na nitakueleza nilivyoiona mimi. Ila kwanza tummalize shemeji.

Hajasema uongo, amesema nusu. Madaktari wa mifugo wanaitumia kweli, kama wanavyotumia dawa nyingine nyingi tunazotumia sisi. Lakini ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens wa kampuni ya Parke-Davis, Marekani, kwa ajili ya chumba cha upasuaji cha binadamu. Ilijaribiwa kwa watu mwaka 1964, ikaidhinishwa mwaka 1970, na tangu mwaka 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inapendwa kwa sababu mgonjwa hulala huku kwa kawaida akiendelea kupumua mwenyewe, kwa hiyo hata pasipo na mitambo mikubwa mtu anaweza kufanyiwa upasuaji. Wahuni? Wapo. Hata mofini wahuni wanaitaka, na hatumnyimi mgonjwa wa saratani kwa ajili yao.

Kwenye sonona dawa hii ni ngeni zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio dogo, la wagonjwa wasiofika hata kumi. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake, kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, wakawapa dripu moja watu ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Siku iliyofuata, asilimia 71 walikuwa na nafuu ya kuonekana. Wiki moja baadaye walioendelea kuwa nayo walikuwa asilimia 35. Shika tarakimu zote mbili, mwanangu, usishike ya kwanza peke yake. Watu wengi wanaingia kliniki na ile ya kwanza kichwani, kisha ya pili inawakuta nyumbani.

Sasa kitini. Ni kiti cha kuegemea, taa zimepunguzwa, mkono mmoja una sindano ya mshipa na mwingine una mkanda wa presha unaokubana kila baada ya muda. Dozi ya sonona kwa kawaida ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wako, inaingia taratibu kwa dakika 40. Iko chini sana ya ile ya upasuaji, hivyo hulali. Mimi midomo ndiyo ilitangulia kufa ganzi, zikafuata ncha za vidole. Sauti ya muuguzi ikaanza kutokea mbali, kama anaongea na mtu wa chumba cha pili. Niliitazama mikono yangu nikajua ni yangu, lakini sikuona inanihusu nini. Muda nao ukaharibika. Niliamini nimekaa nusu siku, nikauliza kama tumemaliza, nikaambiwa dripu haijafika katikati.

Kuna siku niliogopa sana. Nilifumba macho nikapoteza mahali mwili wangu unapoishia na kiti kinapoanzia, nikawaza: hapa sirudi. Muuguzi aliniwekea kiganja begani, akaniita kwa jina, akasema, “Dawa inafanya kazi yake, itapita,” kisha akapunguza kasi ya dripu. Ilipita. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kliniki yoyote ni hili: wakati wote dripu inapoingia, nani anakaa na mgonjwa? Wakikwambia kuna kengele ya kubonyeza, tafuta kwingine. Mtu aliyepoteza mikono yake hatafuti kengele.

Na nenda chooni kabla ya kuunganishwa. Hili hakuna aliyeniambia.

Usisubiri maono. Mama mmoja tuliyekuwa tukipishana naye alikuwa akitoka anasimulia bahari na mianga na marehemu bibi yake, nami nilichoona ni pembe za dari zikisogea kidogo. Nilimwonea wivu, nikadhani mimi nimepewa maji matupu. Kumbe mtu anaweza kuona makubwa asipone, na mwingine akaona dari akapata nafuu. Dakika zile kitini siyo kipimo. Angalia asubuhi zinazofuata.

Asubuhi ya baada ya dripu ya kwanza haikuwa na lolote. Nililala nikitazama ukuta kama kawaida yangu. Badiliko lilinijia kwa njia ya kipuuzi, pale mapokezi, nikisubiri dripu nyingine. Kuna fomu ya idhini unayotia saini kila unapofika, na mimi kazi yangu ya miaka mingi ni kusahihisha maandishi ya watu. Fomu ile nilikuwa nimeshaitia saini zaidi ya mara moja bila kuiona. Siku hiyo nikasoma: “Mgonjwa lazima asindikizwe na mtu mzimu.” Nikacheka. Binti yangu aliyekuwa kando akageuka kwa mshtuko, akanitazama kama amesikia kitu kimevunjika. Nikachomoa kalamu nikarekebisha: *mzima*. Kosa la uchapaji lilikuwa limenikera, na kukereka ni kitu ambacho ugonjwa ulikuwa umeninyang’anya kabisa.

Yaliyofuata yalikuwa ya ukubwa huohuo. Nilijibu ujumbe siku uliponifikia. Niliosha nywele bila kujishawishi kwa saa nzima. Furaha sikuipata, na misiba yangu ilibaki misiba, ila sasa niliweza kuililia, nikanyamaza, nikanyanyuka.

Kwa nini ina haraka hivyo? Dawa nyingi za vidonge zinagusa serotonini na jamaa zake, kemikali za ubongo, na huchukua wiki kadhaa. Ketamini inapita njia nyingine: inaziba vipokezi vya NMDA, vinavyopokea kemikali nyingine ya ubongo iitwayo glutameti, na ubongo unajibu kwa kuamsha ukuaji wa sinapsi, zile sehemu ambapo seli za ubongo hupashana habari. Kwa wanyama wa maabara ambao sinapsi zao zilikuwa zimepungua kwa msongo, zimeonekana zikichipua ndani ya siku moja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu hatua za katikati, na mimi nawaachia.

Umeuliza kama inaponya. Mimi haikuniponya. Utaratibu wa kawaida ni dripu sita hivi ndani ya wiki mbili au tatu, na hapo ndipo kliniki niliyokwenda iliponipongeza na kuniaga. Nafuu ikaanza kunitoka kidogo kidogo, na kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha, nilijilaumu. Nilidhani nimeiharibu kwa uvivu. Ilibidi daktari wangu wa zamani anifafanulie kwamba kurudi kwa dalili kunatarajiwa, na kwamba ilipaswa tupange mapema dripu za kuendeleza, zenye nafasi ndefu kati yake. Sasa tumezipanga. Vidonge vyangu sikuacha, na zile siku nyepesi nimezitumia kwenda kwa mshauri nasaha, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nakaa mbele yake kama gogo.

Basi kabla hujatia saini, uliza: baada ya dripu ya mwisho, mpango ni upi? Ikishindikana, tunakwenda wapi? Maana inashindikana. Kuna bwana tulianza naye kipindi kimoja, hakupata kitu. Tiba ya mshtuko wa umeme bado ipo, na siyo ile ya kwenye sinema; mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha wagonjwa wa sonona sugu wasio na dalili za kuchanganyikiwa: waliopata nafuu kwa ketamini walikuwa asilimia 55, kwa umeme asilimia 41, na wa umeme walisumbuliwa zaidi na kumbukumbu. Hiyo haina maana kwamba umeme ni takataka. Wapo ambao umeme ndio umewasimamisha.

Mweleze daktari kila kitu: presha, ujauzito, kama uliwahi kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, kama una historia ya ulevi, na dawa zote unazomeza. Zile za kutuliza wasiwasi za kundi la valiamu huweza kupunguza nguvu ya ketamini, lakini usizikatize mwenyewe, kuziacha ghafla ni hatari. Usiendeshe gari mpaka kesho yake, baada ya kulala vizuri.

Na mawazo ya kujiua yakikuzidi kabla ya tarehe ya dripu, usingoje tarehe. Mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali, kitengo cha dharura, saa hiyohiyo.

SWALI: Shangazi, nimeona mtandaoni ketamini ya vidonge unaletewa nyumbani, unatumia mwenyewe kitandani. Si nafuu kuliko kwenda kukaa kliniki?
*Msomaji Mvivu wa Safari*

JIBU: Nafuu kwa nani? Hata dawa ya kupulizia puani, esketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, iliidhinishwa kwa masharti kwamba mgonjwa ajipulizie mbele ya mhudumu na kuangaliwa kwa angalau saa mbili. Hawakuweka saa mbili hizo kwa kupenda urasimu. Presha hupanda, watu husinzia, wengine hutapika wakiwa hawajijui vizuri. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya nchi hiyohiyo ilitoa onyo kuhusu ketamini zinazotumiwa majumbani, zile ambazo famasia humchanganyia mgonjwa yenyewe.

Mwaka huohuo mwigizaji Matthew Perry alikutwa amefariki kwenye bwawa lake la maji moto. Alikuwa amewahi kupata dripu za sonona, lakini uchunguzi ulionyesha ya mwisho iliyojulikana ilikuwa imepita zaidi ya wiki moja. Ketamini iliyokuwa mwilini ilikuwa nyingine, ya kiwango kama cha upasuaji, na waliompatia walifikishwa mahakamani, madaktari wawili wakiwemo.

Halafu kuna kibofu. Wanaotumia nyingi kwa muda mrefu hukiharibu mpaka wanakojoa damu kila dakika chache. Kwa dozi za kliniki zenye nafasi hatari hiyo inaonekana ndogo, lakini aliye peke yake kitandani na pakiti nzima, nani anamhesabia nafasi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mke wangu anaanza dripu wiki ijayo, mimi ndiye msindikizaji. Nifanye nini akitoka?
*Mume*

JIBU: Marahaba, baba. Mshike mkono kwenye ngazi, miguu yake haitakuwa yake kwa saa kadhaa. Beba mfuko wa kutapikia na usiutaje. Usimuulize “umeona nini” wala “umepona?” Mambo ya ada, wakwe na mikataba yasubiri kesho, na asitie saini kitu chochote siku hiyo. Akitaka kulala, alale. Kisha siku mbili tatu zinazofuata andika pembeni vitu vidogo anavyofanya ambavyo alikuwa ameacha, na tarehe zake. Yeye hatavigundua, na daktari atavihitaji.