Simba alimchagua baba: niliyojifunza kwa kuchukua mbwa wa kituoni

Mbwa wetu wa kwanza kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama alikaa kwetu siku 9, kisha tukamrudisha. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za kuchukua mbwa wa kituoni huniona nikipita na Simba, mbwa mtulivu asiyevuta kamba, wakadhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya Simba alikuwepo mwingine, na yaliyompata yalitokana na makosa yangu mimi, si yake.

Alikuwa jike mweusi, kijana, miguu mirefu. Tulimchukua Jumamosi asubuhi. Mchana huohuo tukamwogesha. Jioni wakaja ndugu kumtazama, kila mmoja akitaka kumshika kichwa, na watoto wakamkumbatia shingoni wakipigwa picha. Tuliona tunampa mapenzi. Yeye alikuwa akilamba midomo, akipiga miayo, akigeuza uso pembeni huku weupe wa macho ukionekana, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba hiyo ni lugha. Miayo ya mbwa aliyezungukwa na watu si usingizi. Anaomba apishwe kidogo.

Siku ya 4 alimngurumia mwanangu wa pili. Nikamkaripia vikali na kumtoa nje. Nilifanya hivyo kila aliponguruma, mpaka akaacha, nami nikaamini nimemfunza adabu. Siku ya 9 mtoto alimwinamia akiwa amelala, naye akamwuma mkono bila kutoa sauti yoyote. Meno hayakutoboa ngozi, ila alama zilibaki. Tuliuosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukaenda hospitali ingawa mbwa alikuwa amechanjwa. Kesho yake mume wangu alimrudisha. Mlezi wa pale alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Hakuwahi kunguruma kabla ya hapo?"

Alinguruma. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Nakuomba basi, usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Ndiyo njia yake ya kukwambia amefika mwisho wa uvumilivu. Ukimnyang'anya ile sauti hujaiondoa hofu yake. Umeondoa onyo tu, na kinachobaki ni meno. Akinguruma, msogeze mtoto, mwache mbwa apumue, kisha ujiulize ni kitu gani kilichomkera.

Ilipita miaka miwili kabla sijathubutu tena. Safari hii tulikaa kwanza nyumbani tukazungumza, wote, pamoja na baba yangu anayeishi nasi. Mbwa anaweza kuishi miaka 10, 12, hata zaidi. Nani atamtembeza asubuhi? Nani atabaki naye tukisafiri? Mtoto akishamzoea kisha akachoka, nani atasafisha? Baba alisikiliza yote, akasema, "Mimi na mbwa hatujuani. Mleteni, lakini asinisogelee." Nililichukulia hilo kuwa ndiyo, na nadhani nilifanya sawa. Si lazima kila mtu ndani ya nyumba ampende mbwa kabla hajafika. Inatosha kila mtu ajue anakuja nani na aseme ukweli wake mapema.

Kituoni tulikwenda mara tatu kabla ya kuamua. Mbwa unayemwona ndani ya kizimba siye utakayeishi naye. Pale kuna kelele mchana kutwa, harufu za mbwa wengi, watu wanaopita wakikodoa macho. Mchangamfu hubweka kama mwendawazimu, na mpole hujikunyata ukadhani ni mgonjwa. Omba atolewe, mtembee naye, mkae mahali palipotulia hata nusu saa, halafu urudi siku nyingine. Waulize walezi bila haya: aliletwaje? Amewahi kukaa na watoto? Anafanyaje mtu akisogelea bakuli lake akiwa anakula? Anaogopa nini? Walezi wema hawafichi. Huyu wetu, mlezi alituambia wazi: umri wake kwa kukisia meno ni kama miaka 8, amekaa pale muda mrefu kwa sababu watu hupenda watoto wa mbwa, na akiona fimbo au ufagio hujikojolea.

Jina lake lilikuwa Simba, walimpa wao. Siku ya kwanza alikuwa ameuelekeza uso ukutani. Siku ya tatu alitusogelea, akanusa kiatu changu, akarudi ukutani. Tukamchukua.

Mbwa wa umri huo watu huwapita, na huwa inaniuma. Ndiyo, utakaa naye miaka michache. Lakini hatatafuna miguu ya viti, hatakuamsha usiku kucha, na tabia yake unaiona wazi badala ya kuibahatisha.

Nyumbani safari hii hatukumwita mtu. Tulimtengea pembe moja chini ya meza, tandiko na maji, tukawaambia watoto kwamba pale ni kwake na hakuna mtu anayeingiza mkono. Hakula siku ya kwanza. Siku ya pili alikula usiku, sote tukiwa tumelala. Walezi wa mbwa wana kipimo chao: siku 3 za kushusha pumzi, wiki 3 za kuzoea utaratibu wa nyumba, miezi 3 za kuanza kuamini kwamba hapa ndipo kwake. Wengine huhitaji zaidi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbwa wa kituoni siku ya tatu bado ni mgeni, na jembe lisubiri.

Methali nyingine ndiyo imfaayo hasa: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku za mwanzo ndizo mbwa hutoroka, kwa sababu hajui bado kwamba hapo ni nyumbani. Mlango ukiachwa wazi kidogo tu, ameondoka. Mvishe kola yenye namba yako ya simu kabla hujatoka kituoni, na mtoe kwa kamba hata kama ua wako una ukuta.

Daktari wa mifugo amwone ndani ya wiki ya kwanza: chanjo, minyoo, kupe, meno, na kama hajahasiwa mpange siku. Kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna mjadala. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huo hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza mgonjwa haponi isipokuwa kwa nadra mno. Chakula nacho usikibadilishe ghafla. Omba kidogo cha kituoni, uchanganye na kipya siku hadi siku kwa wiki moja hivi. Na watoto wajue kwamba chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwake, hata akiwatazama kwa macho ya kuomba.

Ufagio ulituchukua wiki nyingi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tulianza kwa kufagia akiwa nje. Kisha ufagio ukalazwa sakafuni mbali, na bakuli lake likawekwa upande wa pili wa chumba. Akila bila wasiwasi, kesho bakuli linasogezwa hatua moja. Akisita, tunarudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyemvuta, hakuna aliyemwambia "usiogope" huku akimsukuma mbele. Sijui nani alimpiga wala wapi, na nimeacha kuuliza, maana kujua kusingelibadilisha kazi iliyokuwa mbele yetu.

Sasa nije kwa baba. Kila jioni huketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, anasoma gazeti. Hakuwahi kumwita Simba, hakumtazama machoni, hakumnyooshea mkono, hakumwinamia. Sisi wengine tulikuwa tukijizuia kwa shida. Yeye alikuwa tu anaendelea na maisha yake. Jioni ya siku ya 16 nilikuwa nakunja nguo, nikaona pua inatoka chini ya meza. Simba alikuja ametandaza tumbo karibu na sakafu, hatua mbili, akasimama. Hatua tatu. Akanusa upindo wa suruali ya baba, akanusa ndala, akanusa kidole gumba. Baba alikuwa ameshika ukurasa nusu ameugeuza, akauacha hapohapo hewani. Dakika nzima ukurasa haukwenda mbele wala haukurudi. Kisha Simba akashusha pumzi ndefu na kulaza kidevu juu ya mguu wake.

"Mwanangu," baba alininong'oneza, "usisogee."

Nilisoma baadaye kwamba mwaka 2001 watafiti wa Hungaria waliwapima mbwa wazima waliokuwa wakiishi kwenye vituo. Mtu mgeni alikaa na kila mbwa mara 3 tu, dakika 10 kila mara, na baada ya hapo mbwa wengi walionyesha dalili za kumtegemea kama mtu wao. Mwaka 2015 Wajapani wakaonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa upendo, oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ileile inayomfungamanisha mama na mtoto wake mchanga. Mbwa mwitu (wale waitwao "wolf" kwa Kiingereza) waliolelewa na binadamu hawakuonyesha hilo. Nilipoyasoma nilimfikiria yule jike mweusi. Uwezo wa kutupenda alikuwa nao tangu siku ya kwanza, sisi ndio tuliomsonga hata asipate nafasi ya kuutumia.

Tusichanganye lakini kutazamana kwa upendo na kumkodolea macho mbwa asiyekujua. Kwa mgeni, macho makali ni vitisho. Fanya kama baba: kaa upande, tazama pembeni, mikono iwe chini, aje mwenyewe.

Mwanangu wa pili, yule aliyeumwa, ndiye niliyemwogopea zaidi. Alikuwa akipita ukutani kama Simba. Hatukumlazimisha pia. Tulimpa kanuni moja, na imekuwa sheria kwa watoto wote na wageni wao: humfuati mbwa, unamwita, akija unampapasa kifuani au begani, unahesabu mpaka tatu, unaondoa mkono. Akisogea tena, unaendelea. Akigeuka, mmemaliza. Kijana alihesabu mpaka tatu kwa wiki kadhaa, sauti ikitetemeka. Siku moja nilimsikia amefika arobaini na bado anahesabu, maana kila akiondoa mkono kichwa kilikuwa kinaurudia. Sijawahi kumwambia kwamba nililia jikoni.

Yule wa mwisho humsomea hadithi. Mume wangu humtembeza alfajiri, na nadhani ndio muda pekee wa siku anaopumzika kweli. Kwangu mimi Simba huja radi zinapopiga. Kila mmoja ana fungu lake.

Kama umejaribu ikashindikana, usimtelekeze mbwa barabarani kwa aibu. Mrudishe kituoni na uwaeleze kweli yote, hata sehemu inayokuaibisha wewe, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yatakayomsaidia apate watu wanaomfaa. Yule jike alipata nyumba isiyo na watoto wadogo. Mlezi alinionyesha picha, amelala chali kwenye majani.

Mwaka jana baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akalazwa wiki 3. Simba alizunguka kiti siku mbili. Siku ya tatu nilikuta ndala moja ya baba chini ya meza, haijatafunwa, imewekwa pale anapolaza kichwa. Niliirudisha mlangoni. Asubuhi ilikuwa chini ya meza tena. Nikaiacha.

Baba alirudi jioni, anatembea kwa mkongojo. Hakuna aliyekuwa amefikiria habari ya mkongojo. Simba alisikia sauti yake nje, akakimbia mpaka katikati ya sebule, akauona, akaganda. Mkia uliingia katikati ya miguu. Nilitaka kwenda kuuchukua mkongojo, baba akanizuia kwa kichwa. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, akauinamisha mkongojo polepole, akaulaza sakafuni mbele yake, akabaki amesimama kwa mguu mmoja mzima huku anatazama dirishani, kana kwamba ana jambo la kutazama huko. Tulisubiri. Simba alinusa ncha ya mpira, akanusa mpini. Kisha akauvuka.