Maswali ya Wasomaji: Injini ya Kombaini Ndani ya Trekta

SWALI: Ndugu Mhariri, nina trekta la Massey Ferguson 290 ambalo msimu uliopita lilikatika konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, likiwa shambani, na konrodi hiyo ikatoboa bloku. Nyuma ya ghala letu ipo kombaini kuukuu aliyotuachia marehemu baba. Sehemu yake ya kupuria imeliwa na kutu, lakini injini, ambayo ni Perkins ya silinda nne, bado inawaka. Fundi mmoja ananihakikishia kuwa ni injini ileile na ataihamisha kwa siku moja. Mwingine anaapa kuwa haiwezekani kabisa. Nimsikilize yupi?
Mkulima wa ngano, Basotu, Hanang

JIBU: Ndugu msomaji, usimfukuze hata mmoja wao, ila yule wa siku moja asianze kazi kabla hujasoma namba iliyopigwa kwenye bloku ya injini ya kombaini. Trekta la MF 290 lilitoka kiwandani na Perkins A4.248. Namba ya injini ya kombaini ikianza na herufi LD, hiyo ni 4.236. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na zinazofuata ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, yaani lita 3.9 hivi kwa 4.236 na lita 4.1 hivi kwa 4.248. Injini hizi ni za ukoo mmoja. Pistoni zake hupanda na kushuka mwendo uleule wa milimita 127, na tofauti iko kwenye upana wa silinda, ambao kwa 4.236 ni milimita 98.4 na kwa 4.248 ni 101. Nguvu itapungua kidogo, nawe utaihisi plau inapoingia kwenye udongo mzito.

Fundi wa pili naye ana hoja, ingawa huenda hakuieleza vizuri. Kwenye kombaini, injini hukalishwa juu ya fremu ya chuma kama mzigo uliobebwa, hivyo bakuli lake la oili, au sampu kama mafundi wanavyoliita, linaweza kuwa la bati jembamba, kwa sababu kazi yake ni kushika oili tu. Trekta lako halina fremu. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye giaboksi, na uzito wote wa mbele, pamoja na kila mtikisiko wa gurudumu linaloingia kwenye shimo, hupita kwenye bloku na kwenye sampu nene ya chuma cha kusubu. Injini ya kombaini ikifungwa na sampu yake ya bati, trekta litakuwa limekosa nusu ya uti wa mgongo. Kwa hiyo ichukue injini yenyewe, lakini uivike mavazi ya trekta: sampu, bamba la nyuma, flaiwili, klachi, bomba la kunyonya oili na feni.

Kabla ya kuirudisha sampu hiyo, ioshe na kuikagua kwa jicho kali, kwa kuwa konrodi iliyotoboa bloku huenda ilipiga na vitu vya chini yake. Ndani ya sampu, chini ya kranki, injini hizi za trekta huwa na balansa, yaani vyuma viwili vizito vinavyozunguka kwa kasi mara mbili ya kranki ili kupunguza mtetemo, na pampu ya oili imefungwa kwenye balansa hiyohiyo. Baadhi ya injini zilizotengenezwa kwa kazi nyingine hazina balansa, na pampu yao ya oili hukaa mahali pengine, kwa hiyo fungua uone ya kwako ikoje. Ikiwa unahamisha balansa, pistoni ya kwanza na ya nne zikiwa juu kabisa, vyuma vile vizito lazima viwe vinaning'inia chini kabisa. Fundi akikosea hapo injini itawaka vizuri tu, kisha itatetemeka mpaka usukani uwashe viganja. Nimewahi kuona trekta lililofungwa hivyo. Mwenyewe alibadilisha nozeli mara mbili akidhani ndizo zenye ubaya.

Wakati wa kufunga sampu, boliti zisikazwe mpaka rula ya chuma iliyonyooka ilazwe mgongoni mwa bloku na kushuka hadi mgongoni mwa sampu. Nyuso hizo mbili zikipishana, hata kwa unene wa karatasi chache, siku ya kubanwa kwenye giaboksi kitu kimoja kitalazimika kupinda, na chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni pampu ya dizeli. Gavana ya kombaini, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, imepangwa kwa injini inayoshinda kwenye kasi moja ya juu, ilhali dereva wa trekta hupandisha na kushusha mwendo kutwa nzima. Zaidi ya hayo, shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine zilizofungwa nyuma ya trekta, hutakiwa kutoa mizunguko 540 kwa dakika injini ikiwa kwenye alama iliyowekwa kwenye saa ya dashibodi, na injini ikiruhusiwa kupita kasi ya trekta, mashine iliyofungwa nyuma nayo itazungushwa kupita kiasi. Kama pampu ya trekta ni nzima, ipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, aipange kulingana na injini mpya. Bisibisi ya kijijini isiguse skrubu iliyofungwa kwa lakiri.

Kabla ya hayo yote, iwashe injini asubuhi ikiwa baridi, ikingali juu ya kombaini. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Ikishapata moto, pandisha kasi hadi mwisho na usome presha ya oili. Ikiwa chini ya pauni 30 kwa inchi mraba, fungua beringi kwanza. Kombaini hufanya kazi wiki chache kwa mwaka, lakini wiki hizo ni za mzigo kamili ndani ya vumbi, kwa hiyo usidanganywe na saa chache zinazoonekana kwenye mita.

Siku ya kulitenganisha trekta katikati, injini na giaboksi, gongomea kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake, la sivyo sehemu ya mbele itapinduka ubavuni mara tu boliti ya mwisho inapotoka. Giaboksi nayo ikalie stendi imara au magogo, wala isiachwe juu ya jeki peke yake. Injini yenyewe ina zaidi ya kilo 250.

SWALI: Ninayo injini ya Perkins 6.354 iliyotoka kwenye kombaini. Je, naweza kuifunga kwenye MF 290 ili nipate nguvu zaidi?
Msomaji, Narok, Kenya

JIBU: Usifanye hivyo. Injini hiyo ya silinda sita na lita 5.8 ni ndefu, itasukuma ekseli mbele na kukulazimu kutengeneza upya boneti, usukani na vishikio. Hata ukifaulu, giaboksi na difu za 290 zilipimwa kwa nguvu za farasi themanini hivi, na meno yatakatika kwenye plau. MF 399 ndilo trekta lililoundwa kwa injini ya ukoo huo. Mtafute mwenye 399 iliyokufa injini umuuzie, au uifunge kwenye pampu ya kumwagilia.

SWALI: Je, trekta likishabadilishwa injini lina haja ya karatasi mpya?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Ndiyo. Kadi ya usajili ina namba ya injini, hivyo mabadiliko yapelekwe ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) pamoja na uthibitisho wa jinsi ulivyoipata injini hiyo. Aliyeitoa kwenye kombaini ya urithi aende na hati ya mirathi au barua ya familia, na picha ya namba aipige kabla bloku haijapakwa rangi.