Kwa mwalimu wa sayansi anayetaka kuwa mkuza mitaala

Walimu wenzangu wa sayansi huniuliza wasome nini ili wahamie kwenye ukuzaji wa mitaala. Shahada ya uzamili husaidia, hasa pale tangazo la kazi linapoitaka, lakini nilichokitumia zaidi tangu nilipoacha kufundisha Kemia ni maandalio yangu ya zamani ya somo, hususan ile sehemu ya maoni ambayo wengi wetu huijaza ili mthibiti ubora asikose cha kusoma.

Chukua mfano wa titresheni, yaani jaribio la kupima ni kiasi gani cha asidi kinachohitajika kumaliza besi, au kinyume chake. Katika muhtasari wa somo, jaribio hilo huchukua mstari mmoja. Darasani kipindi ni dakika 40, na hata vikiunganishwa viwili, muda huo unapaswa kutosha kusuuza bureti na pipeti (mirija ya kupimia vimiminika), kufanya jaribio la kukadiria, kisha kurudia mpaka vipimo vikaribiane, huku makundi yakipokezana bureti chache zilizosalimika. Aliyeandika katika maoni yake kwamba kundi la mwisho halikumaliza ana hoja ya kuipeleka kwenye jopo la waandishi idadi ya vipindi inapojadiliwa, na hoja hiyo ina uzito kuliko cheti.

Pamoja na hayo, jifunze kuusoma muhtasari kwa jicho la mwandishi. Mihtasari iliyoboreshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, imepangwa katika majedwali yanayotoka kwenye umahiri mkuu na umahiri mahususi hadi shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji, zana na idadi ya vipindi. Fuata safu moja hadi mwisho wake: ikiwa shughuli inamtaka mwanafunzi apime, halafu kigezo kinaridhika akieleza tu, ujue mwalimu atafundisha kueleza.

Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kumwandikia mwalimu usiyemjua. Katika jaribio la kutambua asidi na besi, ukitaja litmasi (kitambulishi cha dukani kinachobadilika rangi) peke yake, mwenye kabati tupu ataliruka. Ukiongeza kwamba maji ya maua ya choya huwa mekundu kwenye asidi na kuelekea kijani kwenye besi, atalifanya.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba uhamisho, omba kusahihisha mitihani ya taifa. Huko utakutana na majibu ya wanafunzi wa shule zisizofanana na yako, na utaona swali lilelile la vitendo likijibiwa na mtoto ambaye, ni dhahiri, hajawahi kushika bureti.