Muulize Daktari wa Mbwa: Boksa Anaelezwaje?

Barua za safari hii nyingi zimemhusu mbwa wa aina ya boksa, na karibu zote zina shida moja: mwenye mbwa anamjua mbwa wake vizuri, lakini akiambiwa amweleze mtu asiyemwona, anashindwa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo daktari. Boksa wangu dume alitoroka uani. Niliandika tangazo hivi: "Amepotea mbwa mkubwa, kahawia, pua fupi, uso wa hasira." Simu zikamiminika, kila mtu na mbwa wake, na hakuna hata mmoja aliyefanana na wangu. Namshukuru Mungu jirani alimwona akamrudisha. Ila naomba unifundishe, boksa anaelezwaje?

Marahaba mwanangu, na pole kwa hekaheka hiyo. Hukuandika uongo. Tatizo ni kwamba maneno yako yanamfaa boksa, yanamfaa bulmastifu, mbwa mzito wa aina nyingine, na yanamfaa chotara yeyote mwenye pua fupi. Tangazo la mbwa linatakiwa limtenge na wenzake.

Mimi huanza na kichwa, na humtazama mbwa kwa ubavu. Ukimtazama boksa kutoka mbele utaona makunyanzi na macho meusi, basi utaandika "hasira". Ukisimama ubavuni ndipo unaona jinsi alivyoumbwa. Paji linashuka, linafika kati ya macho na kukatika ghafla. Hapo linaanza domo, ile sehemu ya mbele inayobeba pua na mataya. Domo la boksa ni pana na lenye kina, kama kisanduku kilichopachikwa mbele ya fuvu. Urefu wake ni nusu ya urefu wa fuvu, yaani theluthi moja ya kichwa chote. Ncha ya pua iko juu kidogo kuliko pale domo linapoanzia. Taya la chini limetokeza mbele ya la juu na kupinda kidogo kwenda juu, hivyo kidevu kinaonekana waziwazi, uwe mbele au ubavuni. Midomo ya juu ni minene, imejaza ile nafasi mbele ya meno ya juu. Mbwa akifunga mdomo, hutakiwi kuona jino wala ulimi.

Kwa hiyo "uso bapa" si maelezo ya boksa. Buldogi wa Kiingereza ndiye mwenye uso uliobonyea. Boksa ana domo fupi, ila domo lipo, na ukiweka kiganja chako juu yake utalishika.

Baada ya kichwa, tazama umbo. Boksa ni mbwa wa mraba. Pima kutoka kilele cha mabega hadi chini, kisha pima kutoka ncha ya kifua hadi mwisho wa makalio. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana. Kifua kinashuka hadi usawa wa viwiko, na kina chake ni nusu ya kimo cha mbwa. Tumbo linapanda kuelekea mapajani kwa mstari mzuri. Shingo ni ndefu ya kutosha, kavu, haina ngozi inayoning'inia. Miguu imenyooka. Misuli inaonekana chini ya manyoya mafupi, magumu, yanayong'aa na kulala kwenye ngozi.

Neno "mkubwa" nalo liache. Kiwango cha kimataifa, yaani maelezo rasmi ya jinsi boksa anavyotakiwa kuwa, kinampa dume kimo cha sentimita 57 hadi 63 mabegani, na jike sentimita 53 hadi 59. Dume mwenye kimo cha sentimita 60 hivi huwa na uzito unaozidi kilo 30, na jike wa sentimita 56 huwa na kilo 25 hivi. Huyo ni mbwa wa kimo cha kati. Bulmastifu dume, ambaye watu humwita boksa kila siku, ana kilo 50 hadi 59. Mtu aliyesoma "mkubwa" akamwona bulmastifu hana kosa kukupigia.

Rangi iwe ya mwisho, lakini iandike kwa ukamilifu, maana alama nyeupe ndizo zinazomtofautisha boksa mmoja na mwingine. Ningeandika hivi: "Boksa dume, kimo cha kati, kahawia ya dhahabu, barakoa nyeusi isiyovuka macho, mstari mweupe kutoka kwenye paji hadi puani, kifua cheupe, mguu wa mbele wa kushoto mweupe hadi kwenye kiwiko na wa kulia vidole tu, masikio hayakukatwa, mkia mzima." Mtu akisoma hayo na mbwa yuko mbele yake, atajua ndiye au siye kabla hajapiga simu.

Na "hasira" iondoe kabisa. Mbwa aliyetangazwa kuwa mkali hakuna atakayemsogelea kumshika kamba, na wengine watamrushia mawe. Makunyanzi ya paji hayasemi lolote kuhusu tabia yake.

Daktari, nimetangaziwa mtoto wa boksa mweusi tii, na mwingine mweupe pee. Muuzaji anasema wote wawili ni wa nadra, na bei yake si ya kawaida. Ni kweli?

Si kweli kwa wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Boksa ana rangi mbili za msingi. Ya kwanza ni kahawia, kuanzia ya majani makavu hadi nyekundu ya kulungu. Ya pili ni milia, yaani michirizi myeusi inayofuata mbavu juu ya kahawia hiyohiyo. Weusi mtupu haumo katika uzao wa boksa. Yupo boksa wa milia ambaye michirizi yake imesongamana hadi kahawia karibu ipotee, na ukimwona kivulini utaapa ni mweusi. Mtoe juani, mgeuze polepole, tazama ubavuni na nyuma ya mapaja: utaona nyuzi za kahawia zikichomoza. Usipoziona kabisa, basi ana damu ya mbwa wa aina nyingine. Anaweza kuwa mbwa mzuri sana, ila asiuzwe kwa jina lisilo lake.

Mweupe ni habari nyingine. Huyo ni boksa kamili, na si nadra hata kidogo. Wale boksa wenye kifua cheupe, soksi na mstari usoni, ambao watu wengi huwapenda, kwa kawaida wamebeba jeni moja ya weupe na moja ya rangi kamili. Ukiwapandisha wawili wa namna hiyo, kwa wastani robo ya watoto watapata jeni ya weupe kutoka pande zote mbili, nao watazaliwa weupe au karibu weupe. Kiwango rasmi kinataka weupe usizidi theluthi moja ya mwili, kwa hiyo mweupe haingii mashindano ya urembo. Lakini hilo ni suala la mashindano. Hata Meta von der Passage, jike wa Kijerumani anayehesabiwa kuwa miongoni mwa mama wakuu wa uzao huu, sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa nyeupe.

Usimwite zeruzeru. Macho yake kwa kawaida ni meusi, rangi anaweza kuitengeneza, ila seli za rangi hazikuenea mwilini. Seli hizohizo zinahitajika ndani ya sikio, na zikikosekana mbwa huwa kiziwi wa sikio moja au yote mawili. Kwa hiyo kabla hujamchukua mtoto mweupe, subiri awe ametazama pembeni, kisha piga makofi nyuma yake mbali kidogo, asihisi upepo wala mtikisiko wa sakafu. Rudia upande wa pili. Kumbuka kwamba njia hii haimgundui kiziwi wa sikio moja. Huyo anahitaji kipimo cha hospitali. Kiziwi hufundishika vizuri kwa ishara za mikono, ila mwenye kumchukua ana haki ya kujua mapema. Ngozi ya boksa mweupe pia huungua na jua, hasa puani na tumboni.

Shikamoo. Mtoto wangu wa boksa meno ya chini yametangulia ya juu. Rafiki yangu anasema ana kilema cha taya, nimrudishe.

Marahaba. Usimrudishe. Hivyo ndivyo boksa alivyo. Babu yake ni Bullenbeisser, mbwa wa wawindaji wa Kijerumani, ambaye kazi yake ilikuwa kumkamata nguruwe mwitu au dubu na kumshikilia hadi mwindaji afike. Domo pana na taya lililotangulia vilimfaa kwa kazi ya kushika na kutoachia. Bullenbeisser wadogo wakachanganywa na buldogi wa Kiingereza, wa zama zile aliyekuwa mwepesi na mwenye miguu mirefu kuliko wa leo. Boksa wakaonyeshwa Munich mwaka 1895, na mwaka 1902 klabu yao ya Ujerumani ikachapisha maelezo rasmi ya kwanza.

Lililo kosa ni meno kuonekana mdomo ukiwa umefungwa, au taya kupinda upande. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba uangalie meno ya mbele ya chini: yanatakiwa yakae karibu katika mstari ulionyooka. Ukiwa hapohapo tazama na fizi. Boksa akikua, fizi hupenda kuota na kufunika meno, chakula kikanasa chini yake. Nikimwona boksa wa makamo, fizi ndizo huzikagua mapema.

Je, ni lazima masikio yasimame na mkia uwe mfupi ndipo awe boksa?

Hapana. Anazaliwa na masikio yanayolala mbele karibu na mashavu na mkia mrefu. Kisu ndicho kilichofanya mengine. Ujerumani, nchi yake ya asili, imeshapiga marufuku kukata masikio na mkia, na kiwango cha kimataifa kinamweleza boksa mwenye masikio na mkia wa kuzaliwa nao. Mimi siwakati, hata nikiombwa vipi.

Daktari, nina watoto wadogo. Watu wananiambia boksa ni mkali kama pitbuli. Wewe unawaonaje?

Ninawaona kila wiki, na kazi yangu ngumu ni kuwafanya watulie. Boksa akimwona mtu wake, hatingishi mkia peke yake: mwili mzima unajipinda, kichwa kinakaribia makalio, anakuja kwa ubavu huku anakoroma kwa furaha. Kisha ananyanyua mguu wa mbele na kukugusa nao. Hutumia miguu ya mbele kwa kila kitu, kufungua mlango, kusukuma bakuli, kumwamsha mtu aliyelala. Kwa mgeni hujizuia kwanza, anasimama wima na kutazama, na hiyo ndiyo tabia yake ya ulinzi.

Hatari kwa mtoto mdogo ni kuangushwa. Boksa hukua mwili mapema na akili huchelewa. Wengi hawatulii hadi wafike miaka mitatu hivi. Mtoto anayejifunza kutembea na boksa wa mwaka mmoja wasiachwe peke yao, hata kama wanapendana. Mfundishe tangu mdogo kwamba miguu minne ikiwa chini ndipo anapopata anachotaka. Usimfundishe kwa kipigo. Boksa akipigwa husinyaa, na ukishavunja imani yake kuirudisha ni kazi.

Boksa wangu wa miaka saba amezimia mara mbili akicheza, kisha akaamka kama hakuna kitu. Ni joto?

Joto linaweza kuchangia, maana pua fupi humpunguzia uwezo wa kujipoza, na boksa asikimbizwe mchana wa jua kali. Lakini usiishie hapo. Boksa wana ugonjwa wa misuli ya moyo unaoharibu mpangilio wa mapigo, nao hujitokeza hivyohivyo: mbwa anazimia, anaamka, anaonekana mzima. Ugonjwa huo unaweza kuua ghafla. Mpeleke sasa, usingoje mara ya tatu. Nikipata mbwa wa namna hii sitosheki na kusikiliza kifua kwa dakika chache. Namvalisha kifaa kinachorekodi mapigo kwa saa 24, kwa sababu mapigo mabovu yanaweza kukaa kimya muda wote mbwa akiwa mezani. Dawa za kutuliza mapigo zipo na huwasaidia wengi.

Ukifika, sema waziwazi kwamba ni boksa, au ni chotara wa boksa. Ipo dawa ya usingizi mwepesi, acepromazine, ambayo kwa baadhi ya boksa hushusha vibaya shinikizo la damu. Daktari akijua, atachagua nyingine au atapunguza kipimo.

Baba wa mbwa wangu ni boksa, mama yake hatumjui. Kwenye kadi ya chanjo niandike nini?

Andika "chotara, baba boksa". Usiandike boksa kwa sababu ya barakoa nyeusi tu, maana barakoa wanayo mbwa wa aina nyingi. Na usiache kulitaja jina la boksa, kwa sababu ya ugonjwa wa moyo niliousema hapo juu. Ukitaka kuhakikisha, kipimo cha vinasaba kipo, na boksa ana historia katika elimu hiyo: mbwa wa kwanza kusomwa vinasaba vyake kwa ukamilifu, kazi iliyochapishwa mwaka 2005, alikuwa jike wa boksa aitwaye Tasha. Mbwa wako huyo ukimchukulia ute wa shavuni, usimlishe kwanza, wala asiwe ametoka kulamba mbwa mwenzake.