Homa ya kijana: tuangalie na shingo

Huku kwetu Mtwara kijana akichemka mwili, neno la kwanza ni malaria, la pili dawa mseto. Malaria ipo, sikatai. Lakini wazazi wenzangu, nawaomba: kabla hamjamwacha alale, mwambieni ainamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua. Shingo ikikakamaa, huenda ni homa ya uti wa mgongo.

Mpwa wangu wa kidato cha pili alirudi kutoka bweni na homa kali. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alitapika, kichwa kikamuuma hadi analia, akaomba pazia lishushwe kwa kuwa mwanga ulimchoma macho. Alipojaribu kuinama, shingo ilikuwa imekakamaa, akapinda mgongo mzima. Tukamkimbiza hospitali usiku uleule kwa bajaji. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na ile ya bakteria yaweza kuua ndani ya saa 24. Shirika la Afya Duniani linasema mgonjwa 1 kati ya 6 hufariki, na 1 kati ya 5 hupata madhara makubwa.

Kilichozua ubishi ni sindano ya mgongoni. Wazee walikataa katakata: "Mtoto atapooza!" Daktari akawaeleza kwa upole kwamba sindano inaingia kiunoni, chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni unapoishia, na kinachochotwa ni maji ya kupima tu. Tafadhali msiikatae. Kinacholemaza watoto wetu ni ugonjwa wenyewe ukicheleweshwa.

Wapo wanaotokwa na madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya kope. Ila usisubiri madoa, wengi hawayapati.

Kuhusu chanjo: pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) na ile ya nimonia wanazopata wachanga kliniki hukinga baadhi ya bakteria hawa, kwa hiyo kadi zikamilike. Chanjo ya meningokoki (bakteria wengine wa homa hii) aina za A, C, W na Y, ambayo mahujaji huchanjwa kabla ya kwenda Makka, haimo kwenye ratiba ya kawaida ya vijana wetu. Mwenye mtoto anayekwenda bweni aiulizie hospitali ya mkoa, kwa sababu vimelea hukaa kooni na huenea kwa mate na kikohozi pale watoto wanapolala wamebanana.

Na akishalazwa, mpigieni mwalimu wa bweni siku hiyohiyo. Waliolala naye chumba kimoja huenda wakahitaji antibayotiki za kinga mapema.